Kilo arobaini za mvuto: gari la umeme na tela katika barabara za Dodoma

Jirani yangu hapa Nzuguni anauza maji. Ana pikapu ya dizeli, dabo kabini, na nyuma yake tela la ekseli mbili lililochomelewa mtaani, lenye matanki mawili ya lita 1,000. Asubuhi anajaza kisimani, anapeleka kwa watu wanaojenga, anarudi, anajaza tena. Siku yenye kazi anapiga tripu nane. Jioni moja alisimama getini kwangu akiwa na risiti ya sheli mkononi, akauliza swali ambalo nimeshaulizwa na wengine kadhaa: "Mwalimu, hivi haya magari ya umeme yanavuta tela kweli, au ni ya kumpeleka bosi ofisini Mtumba tu?"

Nikamwambia yanavuta, tena yanaondoka na mzigo vizuri kuliko pikapu yake. Akafurahi mapema mno. Swali lake lilikuwa na maswali matatu ndani yake. Je, mota ina nguvu? Je, betri itatosha? Je, aliyelitengeneza gari ameruhusu livute? La kwanza ni jepesi. La tatu watu hawaliulizi kabisa. La pili ndilo lenye hesabu, na wengi huitafuta hesabu hiyo kwenye uzito wa mzigo, mahali ambapo sehemu ndogo tu ya jibu ndiyo ipo.

Kwa kuwa mimi nafundisha fizikia na yeye huamini anachokiona, tuliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mbuzi na magunia, yenye mwisho wa kilo 100. Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, tukalichomoa tela lililojaa maji kwenye pikapu, tukatia gurudumu dogo mbele ya mkono wake, tukafunga kamba kwenye mizani na mizani kwenye tela. Maji pekee ni tani mbili. Chuma, matanki na matairi tulikadiria kilo 600. Vijana wanne wakashika kamba. Sindano ilipanda kidogo wakati wa kuanza, kisha tela likatembea juu ya lami, na sindano ikawa inacheza kati ya 35 na 42. Jirani akainama kuisoma mwenyewe. "Tani mbili na nusu kwa kilo arobaini?" Akaisoma tena. Ndiyo, kwa kilo arobaini. Gurudumu ni uvumbuzi wa ajabu, na tumelizoea kiasi kwamba halitushangazi.

Kisha tukalirudisha uani kwake, kwenye mchanga ule mwekundu. Sindano ikagonga mwisho, kilo 100, na tela halikusogea hata kidole. Ilibidi pikapu ije kulitoa. Tela lilikuwa lilelile na maji yaleyale. Kilichobadilika ni ardhi.

Shikilia hiyo namba arobaini, kwa sababu ina uhusiano mzuri sana na LUKU. Ukivuta kitu kwa nguvu inayotosha kuning'iniza kilo 37 hivi, ukakivuta hivyo kwa kilomita 10, kazi uliyofanya ni kilowati-saa moja. Ndiyo uniti moja, uniti ileile unayonunua kwenye simu. Kwa hiyo tela lile la maji, likienda polepole kwenye lami tambarare, linaomba uniti moja na ushee kwa kila kilomita 10. Kwa shilingi 10,000 katika kundi la kawaida la T1 tumezoea kupata uniti 28. Ungedhani basi mambo ni rahisi: shilingi mia nne kwa kilomita kumi, tani mbili za maji. Lakini gari nalo lina uzito wake, mota na nyaya zake hupoteza kidogo, na kuna upepo. Nitafika huko.

Kwanza niimalize habari ya nguvu. Injini ya dizeli haina nguvu ikiwa imesimama. Lazima izunguke kwanza, na ndiyo maana kuna klachi, kitu cha kusuguana katikati ya injini inayozunguka na gurudumu lililosimama. Kila mwenye tela anaijua harufu ya klachi inayoungua wakati wa kurudi nyuma kwenye tuta. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kusokota tangu gurudumu likiwa limesimama. Haina klachi, haina gia za kutafuta. Kasoro yake ni moja: usilizuie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo ili lisirudi nyuma, maana mota iliyosimama huku inasukumwa umeme mkubwa hupata moto. Kanyaga breki.

Kama bado una shaka na nguvu ya mota, nenda ukaitazame treni ya SGR. Tangu safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilipoanza Julai 2024, mvutano mkubwa wa umeme kuliko wote unaoendelea nchini unapita hapa kwetu kila siku: behewa baada ya behewa, hadi spidi ya kilomita 160 kwa saa, kutoka usawa wa bahari mpaka huku juu kwenye mita 1,100 na kitu. Ila treni ile ina bahati mbili ambazo tela la jirani yangu halina. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hukataa kwa nguvu ndogo mno, karibu moja ya kumi tu ya tairi kwenye lami. Na treni haibebi akiba yake. Inakwangua umeme kwenye waya wa kilovolti 25 juu ya kichwa chake, safari nzima. Pikapu lazima ibebe.

Na hapo ndipo dizeli inapocheka. Chukua dumu la lita 20. Dizeli iliyomo ina uzito wa kilo 17 hivi, na joto lililofungwa ndani yake ni kama uniti 200. Injini huitupa sehemu kubwa kupitia rejeta na ekzosi, lakini hata ikifikisha theluthi tu magurudumuni, hizo ni uniti 60 na zaidi. Betri ya gari yenye uniti 100 ina uzito wa kilo 600 au zaidi, na inafikisha magurudumuni uniti 85 hivi. Maana yake dumu moja na nusu la dizeli linafanya kazi ya betri yenye uzito wa ng'ombe wawili. Unaweza kuwa mpenzi wa umeme kama mimi na bado ukaiheshimu namba hiyo. Gari la dizeli huficha ubadhirifu wake ndani ya tangi kubwa, na la umeme halina pa kuuficha. Ndiyo maana tela linapofungwa nyuma, mwenye dizeli huona tofauti sheli, na mwenye umeme huiona kwenye kioo mbele yake, kilomita zikiporomoka.

Sasa upepo. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya pikapu ya umeme yenye uzito wa tani 2.7, betri ya uniti 100, na nikaruhusu uniti 90 tu zitumike, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayesafiri hadi sifuri. Mwendo kilomita 80 kwa saa, ambao kisheria ndio ukomo wa mabasi na magari ya mizigo mizito, lami tambarare, hewa ya Dodoma ambayo ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Gari likiwa peke yake, lami inalishika kwa kilo 32 za mvuto na hewa kwa kilo 33. Nusu kwa nusu. Ukijumlisha na upotevu wa ndani, ni uniti 2.1 kwa kilomita 10, na safari ya kilomita 430.

Lifungie tela la chini, lenye mzigo wa jumla wa tani 1.5, tuseme mabati na nondo zilizolazwa. Lami inakuwa kilo 50, hewa kilo 41. Uniti 2.9 kwa kilomita 10. Umbali unashuka mpaka kilomita 310. Si haba.

Sasa chukua tani 1.5 hiyohiyo, lakini iweke kwenye tela la boksi, refu kwenda juu kama kontena dogo au kizimba cha mifugo kilichofunikwa turubai. Uzito haujabadilika hata kilo moja, kwa hiyo lami bado inadai kilo 50 zilezile. Hewa imeruka mpaka kilo 71. Uniti 3.9 kwa kilomita 10, umbali kilomita 230. Halafu dereva akaona barabara nyeupe baada ya Chalinze Nyama, akaenda 110. Hewa haiongezeki sambamba na spidi. Spidi ikiongezeka mara mbili, hewa inakaza mara nne. Kutoka 80 hadi 110 inakaribia mara mbili: kilo 134. Uniti 5.9 kwa kilomita 10. Kilomita 150, kisha uko pembeni ya barabara na pembetatu.

Zisome tena namba hizo kwa mpangilio: 430, 310, 230, 150. Mzigo wa tani moja na nusu ulikula kilomita 120. Umbo la tela na mguu wa dereva vikala 160 nyingine. Majaribio ya waandishi wa magari kule Marekani, wanaofunga tela refu la kambi nyuma ya pikapu za umeme, yamekuwa yakirudi na habari hiyohiyo kwamba umbali unapungua kwa karibu nusu, na watu huisoma habari hiyo wakidhani ni uzito. Wanaendesha kwa spidi ya barabara kuu za kwao wakiburuta ukuta wa chumba. Huku kwetu, vibao vya 50 kila kijiji na askari mwenye tochi nyuma ya mbuyu, ambao sote tunawalalamikia, ni rafiki wa betri. Sidhani kama waliviweka kwa nia hiyo.

Dodoma ina jambo lake la ziada, na mkazi yeyote wa hapa ameshalijua kwa macho yaliyojaa vumbi. Upepo wetu, hasa kuanzia Agosti, hutoka mashariki na kusini-mashariki, na hauna haya. Ukitoka hapa kuelekea Kibaigwa na Gairo unauendea usoni. Gari linalokwenda 80 dhidi ya upepo wa kilomita 25 kwa saa, hewa huliona kama linakwenda 105, na kilo za hewa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Ukirudi, upepo uleule unakusukuma mgongoni. Kwa hiyo usipime gari kwa safari ya upande mmoja halafu ukatangaza matokeo kijiweni. Kwa upande mwingine, tunasalimika na adhabu inayowatesa watu wa Ulaya: betri ikipoa chini ya sifuri inapoteza sehemu kubwa ya umbali wake. Baridi yetu ya Julai, inayotutoa na masweta, kwa betri ni hali ya hewa nzuri.

Watu huogopa milima kuliko inavyostahili. Kutoka Bahi kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, gari huinuka mita 400 hivi. Gari na tela la jumla ya tani 4.2, kuinuliwa mita 400, ni uniti 4.6 tu. Malori ya dizeli hupanda pale yakilia, ndiyo, lakini yanacholilia ni nguvu ya kila sekunde, na hiyo mota inayo. Kwenye akiba, mlima mzima ni sawa na kilomita 15 za tambarare. Na wakati wa kushuka, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu kubwa ya ulichotumia, jambo ambalo hakuna tangi la dizeli limewahi kufanya. Isipokuwa ukiwa umechaji hadi asilimia 100 juu ya mlima. Betri iliyojaa haina pa kuweka kinachorudi, na hapo unabaki na breki za kawaida peke yake, huku tela likikusukuma. Ukilala Manyoni na asubuhi unashuka Bahi, ondoka na asilimia 90.

Dar es Salaam sasa. Ni kilomita 450 hivi. Tela la boksi kwa spidi ya 80 linahitaji uniti 175 kwa safari hiyo. Kuteremka kunasaidia kidogo, kupanda wakati wa kurudi kunadai uniti 15 juu yake. Kituo cha kwanza cha maana ni Morogoro, kilomita 260, na kwa tela la boksi ungefika pale ukinusa harufu ya sifuri, kama ungefika. Kwa tela la chini ungefika vizuri. Kisha uchaji. Chaja za kasi zinazojaza gari ndani ya dakika arobaini ni chache mno katika nchi yetu. Magari mengi ya umeme tuliyo nayo ni bajaji na pikipiki, na miundombinu imefuata hao. Chaja ya kawaida ya kilowati 7 kwenye gesti inakupa uniti 80 baada ya saa kumi na mbili. Maana yake unalala Morogoro. Mwenye dizeli amekunywa chai Msamvu na kuondoka. Na hata palipo na chaja ya kasi, maegesho yake hujengwa kwa ajili ya gari moja. Inabidi ulichomoe tela, uliegeshe mahali, uchaji, urudi kulifunga. Mwenye zabibu za Hombolo zinazotakiwa Dar zikiwa mbichi hatakuwa na subira hiyo, na mimi nisingemshauri awe nayo.

Kwa hiyo kama kazi yako ya tela ni Dodoma na Dar, au Dodoma na Arusha kupitia Kondoa na Babati, nasema bila kuzunguka: bado. Gari lenye betri na injini ya petroli pamoja linaweza kukufaa zaidi. BYD Shark 6, kwa mfano, ina betri ya uniti karibu 30 na imeruhusiwa kuvuta kilo 2,500. Kazi za mjini unafanya kwa umeme, safari ndefu injini inashika. Betri ikiisha, hata hivyo, unabaki na injini ndogo inayozalisha umeme wa kuvutia mzigo mkubwa, na mlima mrefu utakukumbusha.

Turudi kwa muuza maji, kwa sababu kwake hesabu inageuka kabisa. Kisima kiko kilomita 12 kutoka kwa wateja wake wengi. Tripu nane, kwenda na kurudi, ni kilomita 192 kwa siku, nusu yake tela likiwa tupu. Spidi haizidi 50, na kwa spidi hiyo hewa ni kitu kidogo. Njia ni mchanganyiko wa lami na changarawe, kwa hiyo nikaweka ukaidi wa ardhi juu kidogo. Tripu ya mzigo ilinipa uniti 3.1 kwa kilomita 10, ya kurudi tupu 2.1. Nikaongeza uniti sita kwa ajili ya kusimama na kuondoka, bodaboda na mbuzi wakiwa wengi. Jumla ya siku: uniti 56. Betri ya 100 inamaliza kazi na kubaki na akiba ya kumpeleka mkewe kitchen party.

Ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni uniti 62 za LUKU, shilingi 22,000 hivi. Pikapu yake kwa kazi hiyo inakunywa lita 31. EWURA hutangaza bei mpya kila mwezi, hivyo weka ya mwezi unaposoma. Mimi niliweka 2,800 kwa urahisi, ikaja karibu shilingi 87,000. Jirani alinyamaza kidogo. Kisha akauliza habari ya bei ya gari lenyewe, na hapo mimi ndiye niliyenyamaza.

Lakini hata angekuwa na fedha mkononi, lile swali la tatu lingemngoja. Kila gari lina kiwango cha kuvuta kilichowekwa na mtengenezaji, na kwa magari ya umeme viwango hivyo vinatofautiana kuliko unavyodhani. Toyota ilipoonyesha Hilux ya umeme mwishoni mwa 2025, ilikuja na betri ya uniti 59.2 na ruhusa ya kuvuta kilo 1,600. Hilux za dizeli tumezizoea na kilo 3,500. Tela la jirani yangu likijaa ni kilo 2,600. Ford F-150 Lightning inaruhusiwa zaidi ya tani 4.5 na Rivian R1T karibu tani tano, ila zote zimetengenezwa kwa usukani wa kushoto. Kia EV9 ina usukani wa kulia, betri ya uniti 99.8, na matoleo yake mengine yanafika kilo 2,500. Ungepunguza lita 100 za maji ukawa salama, lakini kubebea maji gari la bei ile ni kichekesho. Na Nissan Leaf, ile inayoletwa ikiwa imetumika Japani na ambayo wengi wataanza nayo kwa sababu ni nafuu? Mtengenezaji hakuiidhinisha kuvuta hata tela la baiskeli. Betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inategemea hewa tu, na kazi nzito mfululizo huipasha moto. Fundi atakuchomelea ndoano ukimlipa. Atachomelea chochote.

Watu huuliza, kama mota ina nguvu hivyo, kwa nini viwango ni vidogo? Ni kwa sababu kiwango hakipimi kuondoka tu. Kinapima kusimama, kupoza, uimara wa fremu, na uzito wa gari lenyewe ambalo tayari limebeba betri ya nusu tani. Kuna pia uzito unaokaa juu ya ndoano. Tela lililopakiwa vizuri hukandamiza ndoano kwa kiasi fulani, takribani moja ya kumi ya uzito wake au pungufu kidogo kulingana na gari. Likikandamiza kidogo mno, tela linaanza kuyumba kama mkia wa kenge kwenye mteremko. Tanki la maji lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa maji hukimbilia mbele unapofunga breki na nyuma unapoondoka. Na kuhusu breki: matela mengi tunayochomelea mitaani hayana breki zake. Magari mengi madogo huruhusiwa kilo 750 tu kwa tela la namna hiyo, hata kama yanaruhusiwa mara mbili ya hapo kwa tela lenye breki. Gari la umeme linaongeza jambo hapa. Ukiachia pedali, linajifunga lenyewe ili kurudisha umeme, na kujifunga huko kuko kwenye magurudumu ya gari peke yake. Kwenye lami kavu husikii kitu. Kwenye changarawe, tela la tani mbili lisilo na breki litaendelea mbele na kulisukuma gari mgongoni, na ukiwa kwenye kona linakukunja. Punguza nguvu ya urejeshaji kwenye mipangilio kabla ya kuingia barabara ya vumbi.

Wapo waliofikiri kugeuza jambo lote: tela lijisukume lenyewe. Mwaka 2021 kampuni ya Kijerumani ya Dethleffs ililivusha tela lake la kambi lenye betri na mota zake juu ya milima ya Alps, kutoka Isny hadi Ziwa Garda, kilomita 386 bila kuchaji njiani, likiwa nyuma ya Audi ya umeme. Marekani, Lightship wana tela lenye betri ya uniti hadi 80 linalosaidia kusukuma. Ukifikiria, ni hesabu ileile ya dumu: kama tangi halitoshi, ongeza tangi kwenye kinachovutwa. Siku likija tela la maji la namna hiyo, lenye paneli za sola juu ya matanki, Dodoma na jua lake itakuwa mahali pake. Kwa sasa ni vitu vya kambi vya watu wenye nafasi.

Jirani hakununua gari la umeme. Alichofanya ni kukata fremu ya bomba na turubai iliyokuwa imesimama juu ya matanki yake, ambayo hata yeye hakukumbuka iliwekwa kwa ajili gani, na kuwasha kompresa kujaza matairi ya tela yaliyokuwa yamelegea. Lakini swali limemkaa kichwani, na wiki iliyofuata alirudi na lingine, zuri kuliko la kwanza. "Tuseme ninalo. Nachaji wapi? Kwako ukiwasha pasi, taa za kwangu zinafifia."

Alikuwa sahihi. Kilowati 7 ni kama pasi saba zilizowashwa pamoja usiku kucha. Soketi ya kawaida ya ukutani itatoa kilowati 2 au 2.5, na uniti 62 zake zingechukua zaidi ya siku nzima. Kila asubuhi gari lingeamka na deni la jana. Angehitaji waya wake peke yake kutoka kwenye mita, na pengine umeme wa fezi tatu. Nikaleta mita yangu ya kupimia volti tukaichomeka sebuleni kwake. Saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa kwenye mapishi na televisheni, ilisoma 204. Tukaiacha hapo, tukanywa chai, tukaongea mengine. Saa sita kasoro usiku alinitumia picha ya mita kwenye simu, haina maneno. 233.